Ukuta Mmoja, Midomo Miwili

4 Februari

Dada yangu Tarumbeta,

Shikamoo. Barua hii isome umekaa, maana ukiisoma umesimama utaanguka, na binti yako atanilaumu mimi.

Huku hatujambo. Shemeji yako mgongo umemwachia kidogo, sasa anatembea wima kama mgeni rasmi. Mwanangu dereva amebadilishiwa njia, siku hizi analala nyumbani, na kwa sababu hiyo sufuria zangu zinalala tupu. Bati la jikoni linavuja palepale. Nimeliacha, tumeshazoeana.

Haya, umekaa? Kipindi chetu kinarudi hewani.

Kituo kina mkuu mpya wa vipindi, kijana wa tai nyembamba na maneno mengi. Aliniita ofisini, akanivutia kiti mwenyewe. Akasema, "Mama, mimi nimekua chini ya meza ya redio. Bi Fujo akipiga sufuria upande huu wa ukuta, Bi Taratibu akiomba radhi upande ule, sisi tunacheka mpaka tunanyimwa chakula." Nikamwambia Bi Taratibu ndiye mimi. Bi Fujo ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, tumelelewa nyumba moja. Maneno yote niliyaandika mimi, na nusu yake dada yangu aliyaharibu mbele ya kipaza sauti, yakawa mazuri zaidi. Akacheka. Anataka sauti zilezile mbili, "Ukuta Mmoja" uleule, kuanzia Aprili.

Dada, nimeshaanza kuandika. Usiku wa kwanza vidole vilinikauka, wa pili Bi Fujo akaanza kunitukana mwenyewe kichwani, nikajua amerudi.

Simu yako imekuwaje? Kila nikipiga, binti yako ananiambia mama anaoga. Unaoga hivyo, umekuwa samaki? Mara ya mwisho kuongea ulikuwa na mafua. Yamekwisha?

Nijibu upesi. Andaa koo.

Mdogo wako,
Nukta


27 Februari

Mdogo wangu Nukta,

Marahaba, tena marahaba. Salamu zako zimefika na bati lako linalovuja. Mwambie shemeji apunguze kutembea wima, atagonga dari.

Sisi tupo. Binti yangu cherehani haimpi nafasi. Amepata kazi ya kushona sare za shule nzima, sebuleni hapapitiki, kola kila kiti. Mimi namkatia nyuzi. Nimekuwa fundi wa kukata nyuzi.

Habari ya kipindi nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kwa ajili yako. Umeandika maisha yako yote na ulistahili kuitwa kwa kiti cha kuvutiwa.

Lakini mimi mniache. Magoti hayataki basi, safari yenyewe kutwa nzima, na huko nifikie wapi, kwenye nyumba inayovuja? Bi Fujo amezeeka. Mtafutie kijana mwenye pumzi. Wapo wasichana wengi siku hizi wana midomo kama mashine ya kusaga.

Simu hunichosha, ndiyo maana. Barua ina heshima yake, mtu anajibu akiwa amefikiri.

Mafua yamekwisha.

Dada yako


6 Machi

Dada,

Shikamoo ya mkato. Wote wazima, bati linavuja, mgongo uko palepale. Tumemaliza salamu.

Magoti? Bi Fujo anaongea kwa magoti? Wewe uliyewahi kuja studio una homa, ukajifunga kanga kichwani, ukapiga sufuria mpaka fundi mitambo akavua vifaa vyake masikioni! Siku waliyotutoa hewani waweke muziki, ni mimi niliyelia kwenye ngazi. Wewe ulirudi ndani, ukachukua mwiko wetu na sufuria yetu, ukapita navyo mbele ya mkurugenzi, ukamwambia, "Hivi ni vyetu. Ukuta ndio wenu." Mtu huyo leo ananiandikia habari za basi.

Nani alianza mchezo huu? Tulikuwa wadogo, mama mkubwa kaanika mashuka uani, wewe upande huu mimi upande ule, ukasema, "We jirani, mbona moshi wako unakuja kula kwangu?" Sikuwa na jibu. Nikakimbia ndani nikaliandika, nikarudi nikalisoma. Mpaka leo kazi yetu ndiyo hiyo: wewe unasema, mimi natafuta la kukujibu. Sasa unataka nijibizane na nani?

Kama umenichoka, niandikie, "Nukta, nimekuchoka." Nitaelewa. Visingizio sielewi.

Na mbona umetia sahihi "dada yako" tu? Tarumbeta kaenda wapi?

Nukta


11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mwezi umepita bila jibu lako. Mwanangu amepeleka mzigo karibu na mji wenu, nilimwomba akupitie, akaniambia alikuta mlango umefungwa na cherehani inalia ndani. Sijui nifikirie nini.

Wamemleta msichana. Mchekeshaji, anajulikana, mitandaoni wanampenda. Jana tulifanya jaribio. Studio ni ileile, ila wameondoa zile trei za mayai za kuzuia mwangwi ukutani na kuweka sponji nyeusi, na kipaza sauti kila mtu na chake. Nilikosa pa kuegemeza bega.

Msichana ana kipaji, sitamsema vibaya. Lakini anamwigiza Bi Fujo kama mtu mwenye hasira. Bi Fujo hana hasira, dada. Bi Fujo ana raha ya kugombana. Wewe unajua tofauti hiyo, yeye hajui, na mimi nimeshindwa kumfundisha kwa sababu sikuwahi kukufundisha wewe.

Mkuu wa vipindi anataka jibu la mwisho mwezi huu. Nimemwambia unakuja. Nimesema uongo, na uongo huo sasa ni wako kuutengeneza.

Jana nilipiga tena. Binti yako akasema, "Mama anaoga." Nikamwuliza, "Mwanangu, tangu asubuhi?" Kisha nikasikia kitu kinagongwa mezani, ko ko ko, na yeye akasema, "Mama mdogo, nakuomba usipige tena," akakata.

Kuna nini huko?

Nukta


2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini hamjambo. Binti yangu ameninyang'anya visingizio vyote akaniwekea karatasi na kalamu mezani kama mtoto wa shule. Basi nasema.

Hayakuwa mafua. Ilikuwa saratani, kwenye koo. Mwezi wa Novemba walinifungua, wakakitoa kisanduku cha sauti chote. Daktari aliniambia ama sauti ama mimi. Nilimwambia anipe nafasi nifikiri, akadhani natania.

Sasa napumulia shingoni. Kuna tundu hapa chini, kubwa kiasi cha kifungo cha koti. Siwezi kupuliza chai. Siwezi kunusa chakula kikiungua, kwa hiyo jikoni nimestaafishwa. Nikimtaka mtu nagonga meza. Hicho ndicho ulichosikia: nilikuwa nimekaa pembeni ya simu kila ulipopiga. Kila mara. Nilikuwa nasikia unavyomfokea mtoto, na nagonga akuambie kitu, lakini hakujua akuambie nini kwa sababu nilikuwa nimemkataza yote.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu nakujua. Ungelia siku tatu, ya nne ungeanza kuandika. Ungeniandikia kipindi cha mwisho, kizuri, chenye majonzi, Bi Fujo anahama na Bi Taratibu anabaki anagusa ukuta. Watu wangelia barabarani. Mimi sikutaka kuliliwa na watu wanaopaswa kunicheka.

Na kwenye barua, Nukta, sijakatwa kitu. Uliponiandikia Februari uliniandikia mimi, mzima, mwenye mdomo. Nilitaka nibaki hivyo kwako japo mahali pamoja.

Sasa umejua. Mchukue msichana. Mfundishe raha.

Dada yako


9 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Salamu za huku leo sina. Shemeji yako aliisoma barua yako baada yangu, akatoka kwenda kuziba bati. Ndivyo anavyolia yeye.

Nimekukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Ulikaa pembeni ya simu! Ungegonga kwenye simu yenyewe. Ningejua ni wewe, unagonga kwa pupa kama mtu anayedai mlango wake.

Kuhusu kulia, umekosea hesabu. Nililia asubuhi moja tu, mchana nilikuwa kituoni.

Nilimweleza mkuu wa vipindi kila kitu. Nikamwambia tusubiri, dada yangu apone, tutafute namna. Akafunga mlango, akaongea kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Mama, pole sana. Lakini wasikilizaji hawataki kusikia ugonjwa. Wanataka kucheka. Tuendelee na binti, na huyo mama tutamtaja kwa heshima."

Nikamwuliza, "Huyo mama ana nafasi yake kwenye mkataba?"

Akasema, "Jina la kipindi ni mali ya kituo."

"Chukueni jina. Midomo ni yetu."

Nikakusanya karatasi zangu. Kwenye ngazi niligundua nimechukua na kalamu yake. Sikurudi.

Nimekutumia humu kipindi kipya, kurasa nane. Nimekiandika hivi: Bi Fujo hasemi. Anagonga. Anapiga sufuria, anagonga ukuta, na Bi Taratibu anaelewa kila anachogonga na kujibu. Tutakifanya wenyewe popote, nje ya kituo. Hutahitaji kufungua mdomo, utapumzika.

Nipe jibu. Na kuanzia leo nitapiga simu kila Jumapili. Ugonge.

Nukta


30 Mei

Wewe Nukta,

Marahaba, na usinizoee. Bati limezibwa? Mpe shemeji pole na hongera.

Kipindi chako nimekirudisha, kimo humuhumu ndani. Nimekikata kwa kalamu nyekundu ya kuwekea alama vitambaa. Kurasa nane na Bi Fujo hana neno hata moja! Umenipa kugonga ukuta kama fundi bomba. Hivi ndivyo ulivyoninyamazisha wewe mwenyewe, kupita kituo. Wao walinifungia mlango, wewe umenifungia mdomo, ukaniwekea na mto nipumzike. Sitaki kupumzika. Nimepumzika tangu Novemba na sijaona faida yake.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikukuandikia mara ile, kwa sababu sikuwa na hakika nalo. Hospitali kuna mwalimu wa sauti, mama mmoja mkali mwenye viatu vya raba. Tunakaa kwenye viti vya plastiki, watu watano tusio na koo. Anatufundisha kumeza hewa na kuibeua, na ndani ya kule kubeua unaweka neno. Ndiyo, umesoma sawasawa. Naongea kwa kubeua, kama bwana aliyeshiba. Tuna mwamuzi mstaafu wa mpira, neno lake la kwanza lilikuwa "penalti". Langu lilikuwa "paka". Nilimwambia paka wa binti yangu, asubuhi, jikoni. Paka akageuka. Niliangua kilio kisicho na sauti, kisha nikamfukuza kwa mwiko.

Sauti yenyewe ni nzito, inakwaruza, imo chini sana. Binti yangu anasema ni kama kabati linaloburutwa. Nikamwambia Bi Fujo maisha yake yote ni kuburuta kabati usiku jirani amelala.

Kazi yako ni hii. Niandikie upya kwa herufi zinazonibeba. P, T, na K zinanipa hewa zenyewe, kila moja ni kama kupiga pampu. "Potea", "toka", "kapuku", "tapeli", hayo yanatoka kama risasi. H imenikataa kabisa. Bi Fujo hawezi tena kusema "hapana". Atasema "katu". Na sentensi fupi, maneno manne matano, nimeze hewa wakati wewe unajibu. Kwa hiyo sasa Bi Taratibu ndiye atakayekuwa na maneno mengi. Najua utalalamika. Lalamika ukiandika.

Binti yangu ameanza kunishonea vitambaa vya shingoni, kila gauni na chake. Ananiuliza cha jukwaani kiwe rangi gani. Nimemwambia nyekundu.

Dada yako, anayebeua


21 Juni

Dada Tarumbeta (jina lako nakuandikia mimi kama wewe huliandiki),

Shikamoo. Kwetu shwari. Mwanangu amekubali kunileta kwa gari lake la mizigo, nitakaa mbele, nimeshaonja kiti.

Umenipiga na nimepigika. Kile kipindi cha kugonga nilikiandika nikiwa naogopa, na nilifikiri naandika kwa upendo. Nimekichoma. Hiki kilichomo humu nimekiandika nikiwa nabeua. Nisikilize kabla hujacheka: nilikaa jikoni nikanywa soda, nikawa najaribu kila mstari wako kwa kubeua kabla sijauandika. Shemeji yako alikuja mlangoni, akaniangalia, akarudi. Jioni akaniuliza kama ugonjwa huo unaambukiza.

Soma ukurasa wa tatu:

BI TARATIBU: Jirani, samahani, mimi siyo mtu wa maneno, lakini tangu jana usiku unaburuta kitu huko, na mimi nina wageni, na wageni wenyewe ni wakwe, nao wameniuliza, kwa adabu kabisa, kama nyumba hii inahamishwa.
BI FUJO: Kabati.
BI TARATIBU: Kabati lipi, jirani, lisilofika?
BI FUJO: Kabati la kutilia wapelelezi.

Unasikia zile K na T? Sijawahi kuandika kwa ugumu kama huu, na sijawahi kufurahi hivi tangu tuwe vijana.

Fundi mitambo wetu wa zamani, yule mzee wa miwani ya kamba, amestaafu na amechoka kustaafu. Anakuja na vifaa vyake. Anasema atakupa kipaza sauti cha kuvaa, karibu na mdomo, na kwamba sauti nzito ndiyo rahisi zaidi, zile kali ulizokuwa unapiga zamani zilimharibia mashine mbili.

Binti yako amepata ukumbi wa chuo cha ufundi, ameniandikia. Wanafunzi wa useremala watatujengea ukuta wa mbao katikati ya jukwaa, wewe huku mimi kule, watu watuone sote ila sisi tusionane. Kama kwenye mashuka.

Moja tu. Vipimo vyako vya mwezi huu vilisemaje? Binti yako aliandika kila kitu isipokuwa hicho.

Tutaonana.

Nukta


3 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini ulifika salama na gari la mizigo halikukutengua kiuno. Nyumba imekuwa kimya tangu uondoke; hata paka anakaa kwenye kiti chako anaangalia mlango.

Nimesubiri vumbi litulie ndipo nikuandikie, kwa sababu siku zile baada ya onyesho tulicheka tu, hatukuzungumza. Wewe ulikuwa upande wako, mbao zimekuziba. Ulisikia kimya. Acha nikuambie kimya kile kilikuwa na nini ndani.

Nilipotoa neno la kwanza, mama mmoja wa safu ya mbele alishika shingo yake mwenyewe. Baba mmoja alimziba mtoto masikio. Watu wakaangalia magoti yao. Wawili watatu walisimama wakatoka wameinama, taratibu, kama watu wanaotoka msibani kabla ya dua. Nilikuwa nimevaa nyekundu, nimesimama na sufuria yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi hii nilitaka kushuka. Nakuambia wewe peke yako. Mguu ulishaondoka.

Halafu nikakusikia upande wa pili unapumua. Ulikuwa unasubiri mstari wangu. Huwezi kwenda mbele bila mimi, hujawahi kuweza. Basi nikaacha karatasi yako. Nikawageukia watu, nikameza hewa yote ya ukumbi ule, nikawaambia, "Aliyekatwa koo ni mimi. Nyinyi kimewapata kitu gani?"

Na wewe, Nukta! Wewe ambaye miaka yote hujawahi kuongeza hata "ah" ambayo hukuiandika! Nikakusikia kupitia mbao, sauti ileile ya adabu: "Wasamehe, jirani. Walizoea niwe nanyamaza mimi."

Aliyeanza kucheka ni fundi mitambo, akacheka ndani ya mashine yake mwenyewe, ukumbi mzima ukasikia. Kisha mwalimu wangu wa sauti. Kisha yule mwamuzi akapiga filimbi. Usiniulize anaipulizaje, nadhani aliibana kwenye tundu la shingo. Baada ya hapo unajua mwenyewe, ulikuwepo.

Siyo wote. Kuna mama alinifuata mlangoni akaniambia niliharibu kumbukumbu yake ya Bi Fujo, bora angebaki nayo ile ya zamani. Nikamwambia, "Kapike." Ni neno zuri sana kwa hewa yangu.

Chuo cha ualimu wametuita. Na shule ya wauguzi. Nimekubali zote mbili bila kukuuliza.

Mstari ule wa wakwe ukurasa wa tatu ni mrefu mno. Ukate.

Dada yako,
Tarumbeta


8 Septemba

Dada Tarumbeta,

Shikamoo. Mstari nimeukata, na nimeumia. Shemeji yako anakusalimu, amejifunza "kapike" na ananiambia mimi. Onyesho la shule ya wauguzi bado linanipa raha: wale wasichana walivyokuuliza maswali, na wewe ukawapanga foleni!

Sasa jambo. Jana mkuu wa vipindi alikuja nyumbani. Mwenyewe, na tai yake. Nilimkalisha kwenye lile kochi lenye springi iliyochomoza, hakulalamika. Ana kipande cha onyesho letu kwenye simu, mtu alikirekodi, kimezunguka kila mahali. Akasema alikosea. Sitamnyima hilo, alilisema vizuri.

Anachotaka ni hiki: kipindi kimoja maalumu hewani, wewe na mimi, kiitwe "Kwaheri Bi Fujo". Watu wapige simu, watoe shukrani, wasikilizaji wa zamani waseme walivyocheka. Halafu kuanzia wiki inayofuata yule msichana mchekeshaji anachukua nafasi yako, kwa baraka zako, na mimi narudi kuandika. Kila mtu ataheshimiwa, anasema.

Msichana mwenyewe alikuja naye. Wakati wa kuondoka alinivuta pembeni akaniambia, "Mama, mimi kazi naihitaji, siwezi kudanganya. Lakini nilitazama kile kipande mara nyingi. Sasa nimeelewa ile raha." Nilimpenda papo hapo.

Shemeji yako anasema tukubali, ni heshima, na redio inafika mbali kuliko lori. Nimemwambia mgeni kwamba Bi Taratibu hana kauli, anangoja upande wa pili wa ukuta.

Na nakuuliza tena, kwa mara ya pili, na safari hii nimepiga mstari chini: vipimo vilisemaje? Wiki iliyopita simu ya Jumapili uligonga mara moja tu.

Mdogo wako,
Nukta


19 Septemba

Mdogo wangu Nukta,

Marahaba. Barua yako imenikuta mzima wa kutosha. Sare za shule zimekwisha, sebule imepatikana, na binti yangu ameanza kazi ya mapazia ya chuo cha ualimu, bure, ili watupe ukumbi siku mbili badala ya moja. Mtoto huyu ana akili za biashara, sijui kazitoa kwa nani.

Umeuliza habari za daktari. Daktari hajambo, anakusalimu.

Haya, kituo. Mwambie kijana wa tai kwamba nimemsamehe, na kwamba kochi lile lilikuwa adhabu ya kutosha. Msichana mwambie aje kwangu akipata nafasi. Nitamfundisha yote niliyo nayo, na akishajua, kituo kimwandikie mtu mpya kabisa, jirani wa nyumba ya tatu, mwenye jina lake na ugomvi wake. Hawezi kuishi maisha yake yote ndani ya gauni langu, litambana.

Lakini kipindi chao cha kwaheri, katu. Nimekifikiria kwa siku nyingi, usidhani ni hasira. Najua redio inafika mbali. Najua wapo watu vitandani ambao hawatafika ukumbini kamwe. Wakitaka sauti hii hewani, waiweke wiki hii na wiki ijayo na ile nyingine, kama walivyoweka ile ya kwanza. Nitakwenda kwa basi, kwa magoti yangu. Lakini mtu huagwa akiwa anaondoka, Nukta. Wananipangia shada na hotuba, wanikalishe katikati nishukuru, kisha wanitoe nje kwa makofi wafunge mlango. Mimi sijamwambia mtu yeyote naondoka. Hata daktari sijamwambia.

Mjibu hivyo. Tumia maneno yako, yana adabu zaidi.

Sasa tufanye kazi. Ukumbi wa ualimu una mwangwi mbaya, kwa hiyo niandikie mafupi zaidi ya mara ile, na Bi Taratibu safari hii amtukane Bi Fujo, kwa dhati, nataka nione unaweza. Fundi mitambo aje siku moja kabla. Wewe njoo siku tatu kabla, tukae jikoni tugombane kwanza.

Ukifika usinikumbatie kwa nguvu ukaniziba tundu. Nina mengi ya kusema.

Dada yako,
Tarumbeta